Mkole wa Mgongo, Mpingo wa Tumbo

Hapo zamani, bunduki ikiwa bado haijasikika katika vilima vya Kavumbu, hakuna mtu aliyetengeneza upinde peke yake. Msinitazame hivyo. Najua kwenu kila mtu anajua kila kitu. Kavumbu haikuwa hivyo. Mmoja aliteua miti, wa pili aliiunganisha, wa tatu aliuvuta. Upinde wa mtu mmoja, walisema, ni fimbo iliyofungwa kamba.

Na upinde wao ulikuwa wa miti miwili. Mgongo, yaani upande unaotazama windo, ulikuwa wa mkole, kwa sababu mkole hukubali kuvutwa. Tumbo, upande unaomtazama mvutaji, lilikuwa la mpingo, kwa sababu mpingo hukubali kubanwa. Katikati waliweka gundi ya ngozi ya ng'ombe, iliyochemshwa kutwa nzima. Ukibadilisha, ukaweka mpingo mgongoni na mkole tumboni, umepata kuni. Walikuwa na maneno yao, ambayo hata wanawake waliyaimba wakitwanga: Mgongo uvumilie kuvutwa, tumbo livumilie kubanwa, gundi ivumilie yote mawili.

Mteuzi wa miti alikuwa mwanamke, jina lake Nthenya. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye maneno machache, na Mungu hakumjalia mtoto. Kazi aliirithi kwa baba yake pamoja na kisu. Alikuwa akiugonga mti kwa mgongo wa kisu hicho, sikio lake likiwa limelala juu ya gome, na kutoka hapo alijua kama ndani mna ufa, au maji, au njia ya dumuzi. Baba yake alimwambia, "Mti hausemi uongo, mwanangu. Sikio ndilo huamua kutosikia."

Nthenya alijaribu kuwafundisha watoto wa ndugu zake. Aliwaita mmoja mmoja, akawalaza masikio juu ya gogo, akagonga. "Umesikia nini?" "Ko, shangazi." "Na hapa?" "Ko, shangazi." Wote walisikia ko, wakarudi kucheza. Naye jioni alikaa peke yake na chungu chake kidogo, akijiuliza sikio lile atamwachia nani. Hilo lilimuuma kuliko ujane. Ujane una watu wa kuzungumza nao.

Sasa shikeni sheria mbili za Kavumbu, maana bila hizo hamtanielewa.

Sheria ya kwanza. Upinde ukivunjika ukiwa unavutwa, aliyeuharibu hukiweka chini chombo chake: mteuzi kisu chake, mwunganishi chungu chake cha gundi, mvutaji podo lake la mishale. Chombo hutupwa katika kilindi cha mto, na mwenyewe haigusi tena kazi ile mpaka kufa kwake.

Sheria ya pili. Anayemwokoa mtoto na mauti huwa mzazi wake wa pili. Mtoto hubaki kwa mama yake, lakini kila mavuno kibuyu cha kwanza cha uji humpelekea yule mzazi wa pili. Hujifunza kazi yake, na siku akifa, humzika.

Sheria hizi mbili zilikuwa hazijawahi kukutana njiani. Mwaka ninaousimulia, zilikutana.

Mwaka huo mtama ulizaa vizuri, na nguruwe-pori wakajua kabla ya wenye mashamba. Mvutaji mkubwa wa Kavumbu alikuwa Musembi, na upinde wake ulikuwa umechoka. Akaja kwa Nthenya. "Dada," alisema, "nitafutie miti. Nguruwe wakiendelea kuingia mpaka mavuno, tutakula mabua."

Nthenya akatoka. Mpingo aliupata siku ya kwanza, mweusi, mzito, safi. Mkole ndio uliomsumbua. Aligonga mkole wa kwanza, ukasema "tu", sauti ya kasoro ndani, badala ya "ti" ya mti mzima, akauacha. Aligonga wa pili, ukasema tu, akauacha. Siku ya pili alitembea mpaka bonde la kusini, akagonga mikole sita, yote ikasema tu. Siku ya nne, miguu imevimba, akaupata mmoja ulionyooka vizuri. Akagonga toka chini. Ti, ti, ti, ti. Akagonga kwenda juu. Ti, ti. Kisha, shubiri moja juu ya pale ambapo mkono ungeshika upinde: tu. Kisha tena ti, ti, ti, hadi juu.

Akarudia. Tu. Mahali penyewe palikuwa padogo, upana wa ukucha.

Aliwaza nguruwe, akawaza miguu yake, akawaza siku nyingine nne za kutembea. Mchagua nazi hupata koroma, alijiambia. Akakata. Akaja nyumbani, akaufukia mkole katika majivu na samadi ya mbuzi ili ukauke taratibu, na siku ilipofika akaupeleka pamoja na mpingo kwa mwunganishi. Hakumwambia mtu habari ya ule ukucha.

Mwunganishi alikuwa Munyithya, mtu mfupi, mchangamfu, fundi kweli kweli, na mpenda asali kupita kiasi, mwenye mizinga yake mwenyewe ya nyuki. Munyithya akaichonga miti, akaibandika, akaizungushia kamba za mkonge-pori kutoka ncha hadi ncha. Desturi ni kamba zikae siku kumi na mbili kivulini. Zikikaa siku kumi na mbili, gundi huwa mfupa. Zikikaa chache, ni juu yako. Akaukabidhi upinde kwa Musembi, Musembi akauvuta mbele ya watu, ukalia vizuri, wakashangilia. Nthenya naye alishangilia, ila mkono wake ulikuwa mdomoni.

Na Musembi akaenda kulinda shamba. Mvutaji ana kazi moja zaidi ya kulenga: kila jioni afungue upote, ile kamba ya kuvutia, upinde unyooke na kupumzika. Upinde unaolala umepinda hulala na maumivu.

Siku kumi hazijatimia, Musembi akarudi kijijini jua likiwa limepanda kidogo, shavu limechanika, damu imemkaukia shingoni, na mikononi vipande vya upinde.

"Umevunjika," alisema. "Niliona nguruwe katika mtama, nikavuta, ukavunjika. Liitwe baraza."

Baraza la mwaka huo aliliongoza Bibi Syokau, mwanamke mzee mwenye ugoro mwingi na subira kidogo. Vipande vikawekwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Bibi Syokau akaviinamia, akaviangalia, akapiga chafya.

Mkole wa mgongo ulikuwa umekatika shubiri moja juu ya mshiko, umechanika nyuzi nyuzi hata usingeweza kuona kilichokuwamo. Gundi ilikuwa imeachia urefu wa mkono mzima. Na mpingo wa tumbo ulikuwa na mikunjo, umepondeka.

"Maiti moja, majeraha matatu," alisema Bibi Syokau. "Nani atanijulisha lipi lilitangulia?"

Hakuna aliyejua. Mgongo ukikatika, gundi huachia. Gundi ikiachia, mgongo hukatika. Tumbo likipondeka, vyote viwili huondoka. Basi ilibaki kuapa. Kila mmoja ashike kipande cha kazi yake na aseme.

Munyithya akashika kipande chenye gundi. "Gundi ivumilie yote mawili," akasema. "Niliiacha ndani ya kamba siku kumi na mbili. Nikisema uongo, nyuki wanihame." Akakaa.

Musembi akashika mpingo. "Tumbo livumilie kubanwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila jioni nilifungua upote. Nikisema uongo, mkono wangu ukauke." Akakaa, akaangalia chini.

Nthenya akaushika mkole. Vidole vyake vilipajua mahali pale kabla ya macho. Alifikiri: nyuzi zimechanika, hakuna ushahidi. Hakuna aliyekuwa nami bondeni. Nikiapa, imekwisha. Akafikiri kisu cha baba yake kikizama kilindini. Mtu asiye na mtoto akinyang'anywa na kazi, hubaki na nini?

Akafungua kinywa kuapa. "Mgongo uvumilie kuvutwa," alisema. Akaugeuza mkole mkononi. Bibi Syokau akakohoa.

"Mgongo huu nilisikia ukisema tu," alisema Nthenya. "Padogo, upana wa ukucha. Nilikuwa nimechoka. Nilisikia, nikanyamaza."

Akakitoa kisu kiunoni, akakiweka juu ya ngozi kando ya vipande. Mkono wake ulikataa kukiachia mara ya kwanza, ikambidi aulazimishe. Kisha akalia, bila sauti, machozi tu, na hakuyafuta. Munyithya alitazama mizinga yake ya nyuki huko mbali kana kwamba imemwita.

"Kichukueni kisu hicho," Bibi Syokau akawaambia vijana, "mkakitupe kilindini."

"Ngojeni!"

Aliyesema alikuwa Musembi. Alikuwa amesimama.

"Hakukuwa na nguruwe," alisema.

"Nini?" akauliza Bibi Syokau.

"Asubuhi ilikuwa na ukungu. Niliona mgongo mweusi umeinama katika mtama, unatikisa mabua. Nikaweka mshale wenye sumu. Nikavuta mpaka sikioni. Nikaachia pumzi. Kilichobaki kilikuwa kuachia vidole, na hapo ndipo upinde ukapasuka, kipande kikanipiga shavuni, mshale ukaanguka miguuni pangu. Na yule nguruwe akanyanyuka." Akashika shavu lake lililochanika. "Alikuwa Ndinda."

Ndinda alikuwa binti yake, mwenye umri wa miaka minane. Alikuwa pale barazani pamoja na mama yake, na aliposikia jina lake alishangaa. Asubuhi ile alikuwa amemletea baba yake uji, amejifunika ngozi ya ndama kwa baridi. Kizibo cha kibuyu kilimponyoka, akainama kukitafuta. Alisikia pa! akanyanyuka, akaona baba anatoka damu. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

"Singesema," alisema Musembi. "Hakuna aliyeona. Nilitaka kuzikwa nalo. Lakini siwezi kutazama kisu kilichomwacha hai mwanangu kikitupwa mtoni."

Mama Ndinda hakupiga kelele. Alimvuta mtoto, akamkalisha mapajani kama mtoto mchanga, ingawa miguu ilikuwa mirefu na iliburuza chini. Akaanza kumpapasa, kichwa, mabega, mgongo. Mgongoni mikono yake ilikaa sana.

Basi hapo, jamani, ndipo sheria mbili zilipokutana. Maana kama upinde ungekuwa mzima, Ndinda angekuwa kaburini. Aliyeuharibu upinde ndiye aliyemwokoa mtoto. Minong'ono ikaanza nyuma, ikaja mbele, na kabla haijafika kwa Bibi Syokau, Munyithya alikuwa amesimama.

"Bibi, nina neno. Kamba nilizifungua siku ya nane."

"Munyithya. Umeapa sasa hivi hapa."

"Niliapa kuhusu kosa, Bibi. Hili si kosa tena." Watu wakaguna, wengine wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Migunga ilikuwa inatoa maua. Nilihitaji kamba za kutundikia mizinga, na kamba zilizokuwapo ni zile. Nikazifungua siku ya nane, gundi ikiwa bado inanata. Tazameni vipande wenyewe! Mgongo umekatika mahali pamoja. Tumbo lina mikunjo midogo. Gundi imeachia mkono mzima. Jeraha kubwa ndilo lililoua. Uongo wangu nimeusema, na nyuki wakinihama nimestahili. Lakini uongo wa baadaye haufuti kilichofanyika shambani. Mkono uliomwokoa mtoto ni huu. Nina watoto wa kiume watano na hakuna hata mmoja anayetaka chungu changu cha gundi."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," mtu mmoja akasema nyuma.

"Ndiyo, navutia kwangu," alisema Munyithya. "Nivutie kwa nani?"

Musembi akasema, "Basi na mimi niseme lililobaki. Upote sikuufungua. Siku za kwanza niliufungua. Siku tatu za mwisho niliuacha, kwa uvivu tu, ili asubuhi nisihangaike na vidole vya baridi. Mpingo ulilala umebanwa mara tatu ukapondeka. Kama tumbo ndilo lililotangulia, mimi ndiye niliyelenga na mimi ndiye niliyemwokoa. Nami nimesema ukweli wakati hakuna aliyenilazimisha, na ukweli wangu umenigharimu uso wangu mbele ya mke wangu. Shambani nilibakiza upana wa unywele nimpoteze mwanangu. Msinipokonye tena leo. Huyo mzazi wa pili niwe mimi mwenyewe, ambaye kuanzia sasa nitamlea kama mtu aliyemwazima."

Bibi Syokau akamgeukia Nthenya. "Nawe?"

Nthenya alikuwa hajasogea. Alikuwa akimtazama Ndinda.

"Namtaka," alisema. "Nisidanganye. Namtaka mtoto huyu kuliko ninavyokitaka kisu. Wengine mnasema nilikiri wakati kukiri kulikuwa hasara, na hawa wawili wamekiri kukiwa na faida. Ni kweli. Lakini sikukiri ili nimpate. Na nikisema leo kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa jambo jema, kesho nikigonga mti ukasema tu, nifanye nini? Nisikie, au nisisikie? Baba yangu hakunifundisha hivyo." Akafuta uso kwa mara ya kwanza. "Nipeni au msinipe. Lakini msiniambie kwamba nilifanya vizuri."

Hapo mama Ndinda akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Mwanangu hakuokolewa na mtu. Huyu alichoka, huyu alitamani asali, huyu alikuwa mvivu. Ameokolewa na uzembe. Mnataka mavuno yakija aubebee uzembe uji?"

Wakati wakubwa wakitazamana, Ndinda alikuwa ameteremka mapajani. Alikwenda mpaka kwenye ngozi, akachuchumaa, akaokota kile kipande cha mkole. Akakiweka sikioni. Akakigonga kwa ukucha toka chini kwenda juu, kama alivyoona siku zote Nthenya akifanya njiani. Karibu na pale palipochanika akasimama, akakunja uso, akarudia.

"Hapa panasema vingine," alisema.

Nthenya akajishika kifuani kwa mikono miwili.

"Watoto wote hugongagonga vitu!" alisema Munyithya haraka. "Sikio si ushahidi. Tunauliza nani alimwokoa, hatuulizi nani atamfaa."

Na alisema kweli, hata kama hamumpendi. Sheria haisemi mtoto aende kwa anayemfaa. Inasema aende kwa aliyemwokoa.

Bibi Syokau alinusa ugoro, akapiga chafya mara tatu, akasema baraza limekwisha kwa siku ile, na kwamba akili yake haijawahi kuvutwa na kubanwa kwa pamoja namna hiyo. Kisu kikabaki juu ya ngozi, chungu kikaletwa kikawekwa kando yake, podo likawekwa kando ya chungu. Hakuna kilichotupwa na hakuna kilichorudishwa. Mtama ukavunwa. Ukasagwa. Mama Ndinda akapika uji wa kwanza, maana desturi ni desturi hata kwa mama mwenye hasira, akaumimina kibuyuni, akakaza kizibo vizuri, akampa mtoto.

"Nenda," alisema.

"Niende wapi, mama?"

Mama hakujua. Nami sijui, ingawa hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na kila mara hugombana na nafsi yangu njiani nikirudi nyumbani. Ndinda amesimama uani, kibuyu bado cha moto mikononi. Njia zimegawanyika tatu mbele yake, na nyuma yake ni mlango wa mama asiyetaka aende popote. Kuna mlango wa mteuzi aliyesikia akanyamaza, kisha akasema wakati kusema kulikuwa hasara tupu. Kuna mlango wa mwunganishi aliyeapa uongo, lakini jeraha lake ndilo kubwa kuliko yote. Kuna mlango wa baba aliyevuta mshale, kisha akausema ukweli ambao hakuna mtu angeujua. Uji unapoa, na ninyi mmekaa hapa mnanitazama kama mimi ndiye baraza. Semeni basi: kibuyu kile cha kwanza, nani aliyestahili kukipokea?